Nyama kwa Mwalimu, Mifupa kwa Mzazi: Nidhamu na Hali ya Mtoto katika Fasihi ya Chuoni

1.0 Utangulizi

Mzazi wa Kisomali anapompeleka mtoto wake kwa mwalimu wa Kurani kwa mara ya kwanza, humkabidhi kwa kauli fupi iliyozoeleka: nyama yake ni yako, mifupa yake ni yangu. Kauli hiyo haina mtunzi anayejulikana, wala si mali ya Wasomali peke yao, kwani Waturuki nao wanayo inayokaribiana nayo sana. Kwa sifa zake ni semi ya fasihi simulizi: ni fupi, ina pande mbili zinazopingana kwa usawa, hutamkwa mahali maalumu na mtu maalumu, na hutenda jambo wakati ule ule inaposemwa. Baada ya kutamkwa, mtoto amekwisha kuwa mwanafunzi.

Aghalabu semi hii husomwa kwa namna mbili. Wako wanaoiona kuwa ruhusa ya kupiga bila kikomo, na kutokana nayo huhukumu mfumo mzima wa elimu ya chuoni kuwa wa ukatili. Wako pia wanaoitetea kwa kusema kwamba ukali huo ndio uliohifadhi Kurani vifuani mwa watu kwa karne nyingi, kwa hiyo haufai kuhojiwa. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimesoma nusu ya kwanza ya semi na kuiacha ya pili. Ikisomwa kikamilifu, semi hii ni mapatano yenye mpaka, na mpaka huo ni hali ya mtoto: nasaba yake, kazi yake, afya yake na mahali anapoishi. Kipimo kinachotokana na usomaji huo kinatumiwa hapa kuzipima riwaya tatu na utenzi mmoja ambamo mtoto hufundishwa dini.

Mazingira yanayozingatiwa kwanza ni ya Sangailu, wadi ya eneo bunge la Ijara kusini mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia na msitu wa Boni. Wakazi wake wengi ni Wasomali wafugaji, na mifugo inayotegemewa zaidi upande huo ni ng'ombe. Huko semi hii haijawa kumbukumbu ya vitabuni. Duksi, kama chuo cha Kurani kinavyoitwa Kaskazini Mashariki, ndiyo shule ya kwanza ya watoto wengi.

2.0 Semi kama Matini

Muundo wa semi umejengwa juu ya jozi ya nyama na mfupa. Nyama ikijeruhiwa hupona. Mfupa ukivunjika huweza kumwacha mtu kilema maisha yake yote. Kwa mfugaji tofauti hii si ya kinadharia. Mtoto asiyeweza kutembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima wakati wa kiangazi ni mtoto aliyepokonywa riziki. Mzazi anapojibakizia mifupa, anajibakizia uwezo wa mwanawe wa kuishi katika mazingira yale. Hali kadhalika, mwili katika lugha ya Kisomali ni kielelezo cha ukoo: neno jilib, lenye maana ya goti, ndilo pia jina la tawi la ukoo. Kwa hiyo mfupa unaobaki kwa mzazi ni kiungo kinachomfunga mtoto na watu wake, na mwalimu hakupewa ruhusa ya kukikata.

Jambo la pili ni hadhira. Semi hutamkwa na mzazi, ikielekezwa kwa mwalimu, mbele ya mtoto. Wasikilizaji ni wawili, na kila mmoja anasikia ujumbe wake. Mwalimu anasikia kwamba amepewa mamlaka lakini atadaiwa hesabu. Mtoto anasikia kwamba baba yake hatamwokoa kila atakapolia, ila pia kwamba hakutupwa. Ikiondolewa nusu ya pili, ujumbe kwa mtoto unabadilika kabisa: anabaki mtu aliyetolewa.

Hata hivyo, uhakiki wa haki haupaswi kuisafisha semi hii kupita kiasi. Katika makabidhiano hayo mtoto hana sauti. Anagawanywa na watu wazima wawili kama mnyama aliyechinjwa, na sitiari yenyewe imetoka machinjioni. Vilevile, mpaka uliowekwa ni wa chini mno: kila kisichovunja mfupa kinaweza kudaiwa kuwa halali. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mpaka upo, na kwamba semi yenyewe inakiri kuwapo kwa kitu ndani ya mtoto ambacho nidhamu haikiruhusiwi kukigusa.

3.0 Semi katika Mazingira yake

Nguvu ya mpaka huo haikutokana na maneno matupu. Ilitokana na maisha yaliyoizunguka semi. Neno dugsi katika Kisomali lina maana ya mahali pa kujikinga na upepo, na katika kambi ya wafugaji duksi ni hivyo hasa: ua wa miiba au kivuli cha mti, moto, mbao za kuandikia na wino wa makaa. Masomo hufuata mwendo wa mifugo. Watoto husoma alfajiri kabla ya ng'ombe kutolewa zizini, na tena usiku baada ya kukamuliwa, kwa kuwa mchana ni wa malisho. Kambi ikihama kufuata mvua ya gu' inayoanza mwezi wa Machi au Aprili, duksi nayo huhama. Mwalimu hula chakula cha wazazi wa wanafunzi wake, hulala jirani nao, na ujira wake aghalabu ni mfugo.

Katika hali hiyo mwalimu hakuhitaji kuuliza kwa nini mtoto hakuja jana usiku. Alikwisha kujua kwamba ndama wamepotea, au kwamba mama wa mtoto ni mgonjwa. Kwa hiyo aliweza kutofautisha mtoro na mchungaji, mvivu na mwenye njaa. Kumpiga mchungaji kwa kosa la utoro kungekuwa dhulma inayoonekana na kambi nzima, na mwenye mifupa yake alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo.

Mapokeo ya duksi yana ushahidi mwingine kwamba kumfuata mtoto alipo si jambo geni. Mapokeo ya Wasomali humnasibisha Sheikh Yusuf al-Kawneyn, anayejulikana zaidi kwa jina la Aw Barkhadle, na mbinu ya kufundisha irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali. Alif hutajwa pamoja na neno linaloonyesha kama alama yake imewekwa juu, imewekwa chini au imekunjwa, na mtoto huimba maelezo hayo kwa lugha ya mama yake hadi sauti zikamkaa ulimini. Pwani ya Waswahili nako chuo kilikuwa na tahajia yake ya kuimbwa. Hakuna aliyedai kwamba kwa kufanya hivyo Maandiko yamepunguzwa heshima. Kilichobadilishwa ni njia; lengo lilibaki pale pale.

Mambo yalibadilika makazi yalipobadilika. Ukame, biashara, shule za serikali na vita viliwakusanya watu mijini na katika vituo vya kudumu. Katika kaunti hii hii ya Garissa, kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991, na maelfu ya watoto wakafika wakiwa wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Duksi ya mjini au ya kambini hukusanya watoto wa nyumba nyingi chini ya mwalimu ambaye huenda hajui hata mmoja wao amelala wapi. Semi ya makabidhiano ilihamia huko pamoja na watu, lakini masharti yaliyoipa maana hayakuhama. Mwenye mifupa yuko mbali, na mwenye nyama hana wa kumwonyesha hali ya mtoto. Hapo ndipo semi iliyokuwa mapatano huweza kugeuka kuwa ruhusa.

Sheria ya nchi nayo imeingia kati. Adhabu ya viboko iliondolewa katika kanuni za shule nchini Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya mwili. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikairudia marufuku hiyo. Lakini marufuku hueleza lisilotakiwa kutendwa. Swali la mwalimu afanye nini na mtoto aliyeshindwa kuhifadhi sura yake linabaki wazi, na ni swali ambalo fasihi imelishughulikia kwa muda mrefu kuliko sheria.

4.0 Kauli ya Wanazuoni

Kabla ya kuziendea riwaya, inafaa kukumbuka kwamba mjadala huu ni wa zamani ndani ya Uislamu wenyewe. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kizima kuhusu adabu za walimu wa watoto. Humo anaweka mapigo matatu kuwa kikomo, isipokuwa baba awe ametoa idhini ya kuzidisha. Maelezo hayo yanatoa mwanga juu ya semi ya Wasomali: mzazi anaposema nyama ni yako, anatoa idhini ambayo fikihi iliidai kwake, anaposema mifupa ni yangu, anaizuia idhini hiyo isiwe wazi.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anakwenda mbali zaidi. Katika Ihya Ulum al-Din anamtazama mtoto kuwa amana kwa wazazi wake na moyo wake kuwa johari safi. Anashauri aachwe acheze mchezo mzuri baada ya masomo, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumwelemea kwa masomo huua moyo wake na kudhoofisha akili yake. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, anaeleza katika Muqaddima madhara ya kijamii ya ukali: mtoto aliyelelewa kwa mabavu hujifunza kusema uongo na kujificha ili kujiokoa, na tabia hiyo hukua naye. Hoja hizi mbili, ya moyo unaokufa na ya ulimi unaojifunza kudanganya, ndizo zinazopata mwili katika wahusika wa riwaya.

5.0 Walimu Watatu wa Riwaya

5.1 Thierno

Riwaya ya Cheikh Hamidou Kane, L'Aventure ambiguë, iliyochapishwa mwaka 1961, inafunguka kwa adhabu. Thierno, mwalimu wa nchi ya Wadiallobé, anamfinya sikio Samba Diallo hadi kucha zinapenya, na kumchoma kwa kijinga cha moto, kwa sababu mtoto ameteleza ulimi katika aya. Ni rahisi kumhukumu Thierno hapo hapo. Lakini Kane anamzuia msomaji kwa kumwonyesha kwamba mwalimu huyu anampenda mwanafunzi wake kuliko wengine wote, na kwamba mtoto mwenyewe analiona Neno kuwa zuri hata pale asipolielewa.

Ukali wa Thierno si wa upofu. Anaijua hali ya Samba Diallo: ni mtoto wa ukoo wa kitawala, na mwalimu anauona utukufu wa ukoo kuwa kizuizi kati ya mtu na Mola wake. Adhabu imekusudiwa kuuvunja. Hii ndiyo sababu riwaya hii ni muhimu kwa mada. Inathibitisha kwamba kuijua hali ya mtoto hakutoshi. Inategemea mwalimu anaitumia hali hiyo kwa ajili ya nani. Thierno anamwona Samba Diallo kuwa chombo cha Neno na cha umma wake. Nyumba ya chombo hicho, yaani mtoto mwenye masikio na mikono, inatoweka machoni pake. Kwa lugha ya semi yetu, mwalimu amechukua nyama na kuifikia mifupa, maana nasaba ndiyo mfupa ambao mzazi alijibakizia. Jamaa wa mtoto, Grande Royale, anaona kwamba mtoto huyo anafundishwa kufa kabla hajafundishwa kuishi, na anaingilia kati kama mwenye mifupa anavyotakiwa kufanya. Msiba wa riwaya ni kwamba mahali anapompeleka, yaani shule ya wageni, nako hakuna anayeijua hali yake.

5.2 Aw-Adan

Maps ya Nuruddin Farah, iliyotoka mwaka 1986, inawahusu watu walio karibu zaidi na wa Sangailu kwa lugha na kwa nasaba, kwani imeanzia Kallafo, katika nchi ya Ogaden. Askar ni yatima anayelelewa na Misra, mwanamke asiyekuwa Msomali, na mwalimu wake wa Kurani ni Aw-Adan. Mwalimu huyu ana mahusiano na Misra, na mtoto anamwona kuwa mshindani anayempokonya mlezi wake. Fimbo inapotua mgongoni mwa Askar, msomaji hawezi kujua kama inaadhibu kosa la herufi au inalipa kisasi cha nyumbani. Huenda Aw-Adan mwenyewe hajui.

Hapa tatizo ni kinyume cha lile la duksi ya mjini. Mwalimu anaijua hali ya mtoto kupita kiasi, na amehusika ndani yake. Askar hana baba wa kutamka nusu ya pili ya semi kwa moyo. Mifupa yake haina mwenyewe. Farah anaonyesha matokeo yake kwa ustadi: herufi na maumivu vinaungana katika kumbukumbu ya mtoto, na chuki dhidi ya mtu inakaribia kuwa chuki dhidi ya somo. Utabiri wa Ibn Khaldun kuhusu mtoto anayejificha ndani ya nafsi yake unatimia.

5.3 Nyumba ya Hamid

Katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 1994 na kutolewa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, hakuna fimbo inayohitajika. Yusuf ametolewa kwao akiwa na umri wa miaka kumi na miwili ili kulipia deni la baba yake kwa tajiri Aziz. Baadaye anaachwa katika nyumba ya Hamid na Maimuna, na mwezi wa Ramadhani unapofika inagunduliwa kwamba hawezi kuisoma Kurani. Wenyeji wake wanafadhaika. Uamuzi unaofuata ni kumpeleka chuoni, akaketi pamoja na watoto wadogo kuliko yeye.

Tukio hili ni dogo katika riwaya, na wahakiki wengi hulipita. Lakini kwa mada hii lina uzito kuliko vipigo vyote. Aibu inatangulia kabla ya swali. Msomaji anajua jibu ambalo wenyeji wa Yusuf hawakulitafuta kwa dhati: mtoto aliyewekwa rehani hakuwa na wa kumpeleka chuoni. Kutojua kwake si kosa lake. Ni alama ya kosa alilotendewa. Akiadhibiwa kwa aibu, anaadhibiwa kwa kuwa mhanga. Hata hivyo, Gurnah anaacha tumaini kidogo, kwani mlango wa chuo unafunguliwa kwa mtu aliyepitwa na umri, na Yusuf anajifunza. Tiba ilikuwa sahihi. Namna ya kuipokea ndiyo iliyokosa huruma.

6.0 Sauti ya Mwana Kupona

Kutoka Sangailu, mtu akivuka msitu wa Boni kuelekea kusini-mashariki, anafika Pwani ya Lamu na kisiwa cha Pate, ambako Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wake takriban mwaka 1858. Utenzi huo umehakikiwa sana kwa upande wa nafasi ya mwanamke katika ndoa, na lawama zilizotolewa huko zina msingi. Kinachozingatiwa hapa ni namna ya kufundisha.

Nafsineni ni mama mgonjwa anayejua kwamba muda wake ni mfupi. Anaanza kwa kumwita mtoto asogee karibu na kuleta vifaa vya kuandikia. Mafunzo yenyewe anayafananisha na pambo na kinga atakayoivaa bintiye. Wajibu kwa Mungu unatajwa kwanza, kisha wajibu kwa watu. Hakuna tishio la fimbo. Uzito wa nidhamu unatokana na ugonjwa wa mwalimu na ukaribu wa mwanafunzi. Mama ameyapima mambo mawili, hali ya bintiye atakayebaki bila mama katika jamii ya daraja na sitara, na hali yake mwenyewe, kisha akachagua chombo kinachofaa: utenzi, ambao mtoto anaweza kuuimba mwalimu akiwa hayupo tena. Mtu anaweza kukataa baadhi ya aliyoyafundisha na bado akakubali kwamba alimjua aliyekuwa akimfundisha.

Katika utenzi huu nyama na mifupa viko mikononi mwa mtu mmoja, kwa kuwa mwalimu ndiye mzazi. Pengine ndiyo sababu hakuna haja ya mapatano.

7.0 Hitimisho

Matini hizi zikiwekwa pamoja, mgawanyo wa kawaida wa walimu wakali na walimu wapole hauelezi mengi. Thierno ni mkali mwenye mapenzi. Nyumba ya Hamid haina ukali, lakini inajeruhi. Kinachozitenganisha ni mambo matatu: kama mwalimu anaijua hali ya mtoto, kama anaitumia kwa manufaa ya mtoto huyo, na kama yupo mtu mwingine mwenye haki ya kusimama na kusema mifupa ni yangu. Aw-Adan anakosa la pili na la tatu. Thierno anayumba katika la pili. Wenyeji wa Yusuf wanakosa la kwanza. Mwalimu wa kambi ya wafugaji, pamoja na fimbo yake, alilazimishwa na maisha kuyatimiza yote matatu, au walau kuonekana anapoyavunja.

Kwa hiyo mwalimu wa Sangailu anayebadilisha saa za masomo wakati wa kiangazi, asiyemhesabia mchungaji usiku aliokosa, au anayempa mtoto mgeni aya fupi kwanza, hajalegeza mapokeo. Ameyarudisha kwenye masharti yaliyoyapa uhalali. Anayeshikilia fimbo peke yake kwa jina la mapokeo ndiye aliyeacha nusu yake.

Kwa upande wa fasihi, pengo linaonekana wazi. Waandishi waliotajwa wamemtazama mwalimu kwa macho ya mtoto aliyekua akawa msomi; ni Kane peke yake anayeingia kwa kina ndani ya nafsi ya mwalimu. Riwaya ya Kiswahili kwa muda mrefu imeelekeza macho yake pwani, mijini na mashambani kwa wakulima, na kumwacha mtoto anayesoma alfajiri kabla ya kufungua zizi. Atakayemwandika atakuwa na kazi ngumu, maana itambidi aisikie semi ya makabidhiano kwa masikio ya yule ambaye hadi sasa hakuulizwa: mtoto anayesimama kati ya watu wazima wawili na kusikia mwili wake ukigawanywa, naye akingoja kujua kama aliyebaki na mifupa ataikumbuka.